Siku moja na seli changa za ubongo, Moshi

Saa 12 asubuhi. Kibo bado kiko wazi. Nanywa mtori wangu taratibu, halafu nawahi daladala.

Saa 2. Niko kwenye mikrotomu, mashine ya kukata vipande vyembamba sana, nakata ubongo wa nyuma, serebelamu, wa panya wa maabara mwenye umri wa siku 10. Unene ni mikromita 4. Utepe wa nta wenye vipande hivyo ukigusa maji ya vuguvugu hujikunjua wenyewe, nami nauopoa kwa slaidi kabla haujatanuka kupita kiasi. Umri huu nimeuchagua makusudi: tabaka la nje la serebelamu bado linazaa seli. Kwa panya hutoweka kufikia wiki ya 3 hivi.

Saa 4. Nta imetoka kwa zailini na alkoholi. Sasa slaidi zinachemka kwenye bafa ya sitreti ili protini zilizobanwa na fomalini zifunguke. Ndipo kijana wa mafunzo ananiuliza, "Dada, si tungepaka NeuN tu? Si ndiyo protini ya kutambua niuroni, seli za neva?"

Nilifurahi kuulizwa. Kila protini ya alama husema umri wa seli. Nestini hukaa kwenye seli mama. Ki-67 huonekana seli ikiwa kwenye mzunguko wa kugawanyika. Dablikotini hushika mirija midogo ya niuroni changa inayohama kwenda mahali pake. NeuN huja baadaye, seli ikishaacha kugawanyika na kuanza kukomaa. Tena NeuN ilielezwa mwaka 1992, lakini protini yenyewe, Fox-3, ikatambuliwa 2009 tu.

Mchana ni kingamwili inayonasa protini tunayoitafuta, kuosha, kingamwili ya pili ya kusaidia kuleta rangi ya kahawia, kuosha tena. Slaidi moja siipi kingamwili ya kwanza. Hiyo ikitoka na kahawia, zote hazisomeki.

Saa 9 alasiri, hadubini. Slaidi isiyopewa kingamwili ya kwanza ni safi, haina kahawia. Kwenye slaidi nyingine, juu kabisa Ki-67 imeshika viini vya kahawia. Chini yake kidogo, dablikotini. Ndani zaidi NeuN imejaa tele. Katikati kuna safu ya seli kubwa zenye buluu ya hematoksilini, rangi ya kuonyesha viini, peke yake.

"Hizi si niuroni?"

Ni niuroni, tena kubwa kuliko zote hapo. Ni seli za Purkinje, na NeuN haizishiki. Angehesabu kwa NeuN peke yake, angeziacha zote nje.

Kesho tunapaka kalbindini, inayozionyesha vizuri. Atakata yeye, mimi nitasimama pembeni.