Shilingi na Thumuni

Kikao chetu cha tisa cha kusoma juzuu ya kwanza ya Das Kapital, kitabu cha Karl Marx kuhusu ubepari, kilikuwa Alhamisi moja ya Julai 2021. Ilikuwa saa tatu usiku Dar es Salaam na Mombasa, saa nne Muscat, na saa mbili kwa mwenzetu aliyekuwa Ujerumani. Tulikuwa watu 11 mtandaoni. Kamera zote zilizimwa isipokuwa ya msomaji wa zamu, kwa sababu bando la watu wengi lisingestahimili nyuso kumi na moja kwa saa moja na nusu. Tulikuwa tumefika kwenye hesabu ambayo Marx anaitumia kuonyesha faida ya mwenye kiwanda cha uzi wa pamba inatoka wapi, mahali ambapo ni rahisi msomaji kukiweka kitabu chini na asikirudie.

Utaratibu wetu ulikuwa huu: dakika 10 za kukumbushana, dakika 40 za kusoma kwa sauti aya moja moja kwa zamu, dakika 30 za hesabu na maswali, na dakika 10 za mwisho kuamua maneno ya Kiswahili tutakayoyatumia. Kurasa zilikuwa 12, zikizidi sana 15. Mwanzoni tulikuwa tumejipangia kurasa 40 kwa wiki, na kwenye kikao cha tatu walibaki watu wanne. Kitabu hiki hakikimbiliwi. Kila kikao kilikuwa na karatasi moja ya Kiswahili iliyoandaliwa na watu wawili, yenye muhtasari upande mmoja na jedwali la namba upande wa pili, ikiwekwa kwenye WhatsApp siku mbili kabla ili aliyekatikiwa umeme asiachwe nyuma.

Jambo la kwanza lililotuchelewesha usiku ule lilikuwa namba ya sura. Sisi wenye tafsiri ya Kiingereza tulikuwa sura ya 7, mwenzetu wa Ujerumani alikuwa ya 5, na maneno yalikuwa yale yale. Tafsiri ya Samuel Moore na Edward Aveling, iliyotoka 1887 chini ya uhariri wa Friedrich Engels, rafiki na mshirika wa Marx, ilifuata mgawanyo wa toleo la Kifaransa, ndiyo maana ina sura 33 wakati Kijerumani kina 25. Namba za kurasa ndiyo kabisa hazisaidii, kila toleo lina zake. Tangu hapo tukawa tunataja jina la sura na kuhesabu aya.

La pili lilikuwa neno, na hilo lilikula muda zaidi. Hesabu yote ya uzi inategemea kutofautisha kazi yenyewe na kile anachokiuza mfanyakazi, ambacho ni uwezo wake wa kufanya kazi kwa siku nzima. Karatasi yetu iliandika "nguvukazi". Mzee mmoja wa Tanga, aliyewahi kuwa karani kwenye shamba la mkonge, akaomba nafasi. Akasema kwamba kwa mtu wa rika lake neno hilo ni Operesheni Nguvu Kazi ya 1983, watu kukamatwa mijini kwa kukosa kazi inayotambulika na kupelekwa vijijini. Kijana wa Mombasa akaongeza kuwa kwake nguvukazi ni idadi ya watu wanaoweza kuajiriwa, kama inavyotajwa kwenye taarifa ya habari. Wote wawili walikuwa sahihi. Ukisoma aya zile ukiwa na picha ya idadi ya watu kichwani, hutaona kinachouzwa ni nini. Tukakubaliana kuandika "uwezo wa kazi", tukafuta "nguvukazi" karatasi nzima.

Kisha hesabu. Naiweka hapa kama ilivyo kitabuni, kwa kuwa bila namba zake mengine yote hayaeleweki. Mwenye kiwanda ananunua ratli 10 za pamba kwa shilingi 10. Uchakavu wa kijiti cha kusokotea ni shilingi 2. Hizo shilingi 12 zina ndani yake saa 24 za kazi iliyokwisha kufanyika, ya waliolima pamba na waliotengeneza kijiti, kwa hiyo shilingi moja ni saa mbili za kazi. Uwezo wa kazi wa msokotaji kwa siku unanunuliwa kwa shilingi 3, yaani thamani ya chakula, mavazi na mahitaji yake ya siku, ambayo yanahitaji saa 6 kuzalishwa. Msokotaji anasokota ratli moja na theluthi mbili kwa saa, na saa 6 zikitimia ratli 10 za uzi ziko tayari. Thamani ya uzi ni shilingi 12 za pamba na kijiti, jumlisha shilingi 3 alizoongeza msokotaji: 15. Alichotoa mwenye kiwanda ni 10, jumlisha 2, jumlisha 3: 15. Hakupata kitu. Ratli moja ya uzi ina thamani ya peni 18, yaani shilingi moja na peni sita.

Karatasi yetu ilikuwa na hatua hizo zote, na safu ya mwisho ya jedwali ilikuwa bei ya ratli moja: 1.6. Msomaji wa zamu akazidisha mara 10 kwa sauti. Kumi na sita.

Kimya. Halafu dada mmoja anayeuza vitenge Kariakoo akasema, "Basi faida hiyo hapo. Shilingi moja. Na msokotaji hajafanya saa hata moja ya zaidi."

Hakuna aliyeshtuka, na hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi. Jibu lile lilikubaliana na tunayoyaona sokoni kila siku: unanunua kwa bei fulani, unauza kwa bei fulani, kinachobaki katikati ni faida. Kwa dakika 20 tukawa tunaijengea hoja ile 16. Mmoja akadai kwamba kumbe Marx alikubali faida itokane na kuuza, mwingine akaipeleka kwenye ubora wa pamba. Wote tulikuwa tumesahau kilichosomwa wiki iliyotangulia. Huko kulikuwa na mfano wa mtu mwenye divai ya paundi 40 anayembadilishia mwenzake kwa nafaka ya paundi 50. Mjanja kapata 10, mwenzake kapoteza 10, na jumla mikononi mwao ni paundi 90 kabla na 90 baada. Kijana wa Mombasa ndiye aliyeturudisha, tena kwa njia ambayo siwezi kuisahau. Kwenye bao, alisema, mchezaji mwenye nafasi ya kula kete za mwenzake husemwa ana mtaji. Anakula, upande wake unajaa, upande wa pili unakauka. Lakini kete ni 64 mnapoanza na ni 64 mnapomaliza. Kula hakuongezi kete ubaoni. Sasa kama kila mwenye kiwanda wa Uingereza alipata zaidi ya alichoweka, na si mmoja kumla mwenzake, kete hizo mpya ziliingia ubaoni kwa mlango gani?

Swali likawa limekaa sawa, lakini 16 bado ilikuwa pale kwenye skrini. Mwenzetu wa Ujerumani akasisitiza kuwa kitabu chake kinasema 15 na kosa lazima liwe kwenye jedwali. Tukapitia mstari kwa mstari. Pamba, sawa. Kijiti, sawa. Mshahara, sawa. Tulipofika safu ya mwisho Mzee akauliza hiyo nukta ni ya nini.

"Imeandikwa shilingi moja na peni sita, Mzee."

"Peni sita ni thumuni, wanangu."

Hapo ndipo kosa lilipoonekana. Shilingi ya Uingereza ya wakati wa Marx ilikuwa na peni 12, na peni huandikwa kwa herufi d, kutokana na dinari ya Kirumi. Mfumo huo ulidumu huko hadi 1971. Walioandaa karatasi walikuta 1s. 6d., wakaondoa herufi na kuweka nukta, kwa sababu shilingi tuliyokulia sisi ina senti 100 na mkono umezoea hivyo. Peni 6 kati ya 12 ni nusu. Nusu shilingi kwetu ni senti 50, na kwa waliowahi kuishika mkononi sarafu hiyo ni thumuni. Bei ya ratli moja ni shilingi na thumuni. Mara 10 ni 15.

Yeyote atakayesoma kitabu hiki na wenzake afanye hivi kabla ya kikao: abadili peni zote ziwe sehemu za shilingi kwa kugawanya kwa 12, aandike ratli kwa uzito na paundi kwa fedha (kwa Kiingereza vyote viwili huitwa pound, na huchanganya), na kila jedwali likaguliwe kwa kujumlisha upande wa gharama peke yake na upande wa thamani peke yake. Tungefanya hilo la mwisho, 16 isingefika kwenye kikao.

Tukaendelea na nusu ya pili ya hesabu muda ukiwa umebaki kidogo, na hakuna aliyetaka kuondoka. Msokotaji ameuza siku nzima, na siku ni saa 12. Sasa pamba ni ratli 20 kwa shilingi 20, uchakavu shilingi 4, mshahara uleule shilingi 3. Gharama 27. Uzi ni ratli 20, kwa shilingi na thumuni kila ratli: 30. Shilingi 3 zimezaliwa, na hakuna aliyeibiwa sokoni. Pamba imenunuliwa kwa thamani yake, uwezo wa kazi kwa thamani yake, uzi umeuzwa kwa thamani yake. Pamba na kijiti vimehamisha kwenye uzi kile tu vilichokuwa nacho. Kilichoongeza ni zile saa 6 za pili, ambazo msokotaji alifanya kazi baada ya kwisha kurudisha mshahara wake.

Tulirudia hesabu hiyo mara mbili, kila mtu na kalamu yake. Tungeanza na 1.6, hapa tungepata 32, na ziada ya 5 isiyolingana na saa zozote. Ile nukta moja ilikuwa inaficha kila kitu.

"Kwa nini asiende nyumbani saa sita zikitimia?" akauliza mwenzetu wa Muscat.

Mzee akajibu kwa habari za mkonge. Mkataji alikuwa na kadi yake, kipande, yenye nafasi za siku 30. Siku ilitiwa alama akimaliza kipimo chote alichopangiwa. Akiishia nusu, siku hiyo haikuhesabiwa. Hakuna mahali kwenye kadi palipoandikwa ni mzigo wa ngapi uliokwisha kulipia ujira wake. Nadhani maelezo hayo yalitufaa kuliko ufafanuzi wowote wa kitaalamu tuliokuwa tumepitia. Kitabuni siku imekatwa mahali panapoonekana, saa 6 huku na saa 6 kule. Kazini mstari huo haupo, saa zote zinafanana, na mshahara unaonekana kama malipo ya saa zote 12.

Palibaki kosa moja dogo ambalo hutokea karibu kila kundi. Tulipoulizana kiwango cha unyonyaji ni asilimia ngapi, watu watano waligawanya 3 kwa 27 wakapata asilimia 11.1. Hiyo ndiyo hesabu ya mwenye kiwanda, anayepima faida kwa fedha yote aliyoweka. Marx anagawanya thamani ya ziada, yaani zile shilingi 3 zilizozaliwa, kwa mshahara peke yake, 3 kwa 3, asilimia 100, yaani saa moja ya bure kwa kila saa moja ya kulipwa. Namba zote mbili ni za kweli na zinatoka siku moja ya kazi. Ya kwanza ukiitazama peke yake, saa 6 huzioni.

Dakika za maneno zilipofika, dada wa Kariakoo akataka tuzungumzie "mtaji". Yeye ana mtaji, alisema, na kila mwenye meza ana mtaji, lakini hana msokotaji. Anaamka saa kumi alfajiri, anauza mwenyewe, jioni anatoa ada ya mtoto na unga, kesho anaanza na fedha ileile. Tukaiandika kwenye skrini: B–F–B, bidhaa kwa fedha kwa bidhaa, ni mwendo wa mtu anayeuza ili ale. F–B–F iliyoongezeka ni mwendo wa fedha inayotoka ili irudi kubwa zaidi, bila mwisho. Meza yake asubuhi inafanana na ya pili, jioni inafanana na ya kwanza. Kiswahili kinatumia neno moja kwa zote mbili, na hatukuona haki ya kumnyang'anya neno lake. Tukaacha "mtaji" lisimame, na popote kitabu kinapozungumzia mwendo wa pili tukawa tunaandika "mtaji wa kibepari", ingawa ni maneno mengi zaidi.

"Na faida yangu mimi ninayeuza tu inatoka wapi," akauliza, "ikiwa kuuza hakuongezi kete?"

Mwenyekiti akamwambia kwamba jibu la mfanyabiashara liko juzuu ya tatu, ile aliyoitoa Engels 1894, ambamo mfanyabiashara anapata fungu la ziada iliyokwisha kuzalishwa kiwandani. Lakini hapo panazungumziwa mfanyabiashara mwenye mtaji mkubwa. Mwenye meza anayejiajiri mwenyewe hakai vizuri ndani yake, na wawili kati yetu walibishana juu ya hilo mpaka saa tano kasoro robo. Katibu aliandika swali lake kama alivyolisema, akaliweka la kwanza kwenye kikao cha kumi, kabla ya sura ya 8.

Asubuhi karatasi iliyosahihishwa ilikuwa kwenye kundi. Safu ya mwisho ilikuwa imeandikwa kwa mtindo wa Mzee wa madaftari ya shambani, mkwaju katikati: 1/50.