Alilala kichwa kikielekea kwao

Bwana asifiwe wapendwa. Neno la wiki hii ni Marko 5:19, Yesu anamwambia yule mtu aliyekuwa anaishi makaburini, "Enenda zako nyumbani kwako, kwa watu wa kwenu." Mi huu mstari huwa naupita haraka, akili yote iko kwa wale nguruwe walioingiwa na pepo waliomtoka, ila safari hii nimekwama hapo kwenye nyumbani na aliyenikwamisha ni jamaa mmoja anaitwa John Clare.

Alikuwa mshairi Uingereza, mtoto wa kibarua wa shamba, kazaliwa 1793 kijiji cha Helpston. Akili ikaja kuyumba, 1837 akapelekwa nyumba ya wagonjwa wa akili huko Epping Forest. Julai 1841 akatoroka, akashika njia kwa miguu, siku nne, kama kilomita 130, mfukoni hana kitu, soli ya kiatu imebanduka, njaa ikimzidi anang'oa majani kando ya barabara anatafuna, mwenyewe kaandika eti yana ladha kama mkate. Usiku wa kwanza alilala bandani, kichwa kakielekeza kaskazini ili asubuhi akiamka ajue kwao ni wapi. Nilipofika hapo niliweka simu chini kwanza.

Sasa anakaribia kufika, mkokoteni unasimama, mwanamke anaruka chini anamshika mkono. Clare akadhani huyu ni mlevi au kichaa (yaani yeye ndo anamwona mwenzie kichaa!) kumbe ni Patty, mkewe, mama watoto wake. Kichwani yeye alikuwa anamfuata Mary, mpenzi wa ujanani, na Mary alishakufa miaka mitatu nyuma. Akaja kuandika kwamba yuko kwake lakini hana kwao.

Miezi sita haikuisha, Desemba wakaja kumchukua tena, wakampeleka nyumba nyingine ya wagonjwa wa akili, mjini Northampton, na kwenye fomu daktari kaandika kwamba kabla ya ugonjwa alikuwa na miaka ya uraibu wa mashairi, hebu fikiria. Kakaa humo miaka 22 mpaka kufa, 1864. Patty hakwenda kumwona. Simlaumu, watoto wengi, umaskini, na aliyewahi kuuguza mtu wa hivyo ndani ya nyumba anajua usiku wake ulivyo. Alikuwa anaruhusiwa kutembea mjini, basi anaenda kukaa barazani pa kanisa la All Saints, hapo nje. Na barua alimwandikia mwanae Charles, akiulizia majirani mmoja mmoja.

Mi nina mjomba yuko sehemu kama hiyo. Familia tunachanga hela ya dawa kila mwezi, hilo tunalifanya vizuri sana, inatumwa kwa simu na jioni tunamtaja kwenye maombi. Mwezi uliopita nikaenda, baada ya miaka miwili. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Aliuliza ule mwembe wa nyuma ya jiko kama bado unazaa, na mimi nikashindwa kumwambia kwamba tuliukata.