Jengo lililosukwa kama kikapu

Kichwa kinanigonga tangu jana, nimeambiwa ni huu urefu tu, Aspen, mji wa matajiri kwenye milima ya Colorado, Marekani, iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari na mimi ni mtu wa pwani. Nimekunywa maji mengi, nimeshinda nje siku nzima, na naandika haya kabla sijalala maana sitaki yanipotee.

Asubuhi nilienda Aspen Art Museum, jumba la sanaa la hapa. Jamani lile jengo limesukwa! Vipande vya mbao vimepishanishwa juu chini kama kikapu, na ngazi kubwa inapita katikati ya ule msuko na ukuta wa ndani, sasa ukiwa unapanda jua linapenya kwenye matundu linakuangukia vipandevipande mikononi. Nilisimama pale nikamkumbuka bibi na ukili wake, vidole vinakimbia huku anakupigia stori wala haangalii chini. Aliyelibuni ni Shigeru Ban wa Japani, lilifunguliwa 2014, na ni huyohuyo aliyebuni vibanda vya mabomba ya karatasi kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda miaka ya 90. Hilo lilinishika kooni kwakweli. Halafu kiingilio ni bure, kwenye mji kama huu, unaingia tu hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Unaanza kupanda mpaka paani, unautazama mlima mpaka uridhike, ndo unashuka ghorofa kwa ghorofa ukiangalia kazi, kama wateleza theluji wanavyopandishwa na lifti kisha wakashuka wenyewe. Hawana mkusanyiko wa kudumu, kazi zinabadilishwa, kwahiyo nilichokiona leo ukija mwakani hukikuti.

Maduka nilipita harakaharaka, saa na makoti ya dirishani hata bei hayaonyeshi. Nilichopenda ni majengo yenyewe, yale ya matofali, mengine ni ya enzi za machimbo ya fedha, yaani madini, soko likaanguka 1893 watu wakahama mji ukabaki kimya miaka na miaka mpaka walipoanza kuja wateleza theluji baada ya vita kuu ya pili. Nikaishia duka la mitumba, linaendeshwa na watu wa kujitolea na mapato yanasaidia mashirika ya pale pale, nikapata sweta la sufu la kijani.

Mchana nikakaa kwenye nyasi nje ya hema la tamasha la muziki, tamasha lenyewe lipo tangu 1949, ndani ni tiketi ila nje unasikiliza bure, watoto wamelala kwenye mablanketi, vayolini zinakuja na upepo zinapotea zinarudi, sijui nilikaa saa ngapi pale.

Jioni basi la kushuka bondeni lilijaa watu waliotoka kufunga maduka na kutandika vitanda vya hoteli, kodi za mjini hawaziwezi hivyo kila siku ni kwenda na kurudi, na hilo linaniuma kuliko nilivyotegemea. Mama mmoja jirani yangu akaomba aone sweta. Akageuza mkono wa sweta ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono taratibu, akaniambia hii imefumwa kwa mkono, uitunze. Kisha akaegemeza kichwa dirishani akalala.