Nyuma ya msitu, michikichi

Nimerudi Kuala Lumpur jana usiku na nguo zangu bado zinanuka mto. Naandika sasa hivi, kabla masomo hayajanimeza tena.

Siku tatu nilikuwa Sukau, kijiji kilicho kando ya mto Kinabatangan, jimbo la Sabah, Malaysia, kwenye kisiwa cha Borneo. Safari hii niliidundulizia tangu mwezi wa kwanza niliofika huku. Mto wenyewe una urefu wa kilomita 560, unashuka kutoka milimani hadi Bahari ya Sulu, na maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Mtu aliyekulia Kigoma, akiyatazama maji ya ziwa hadi anaona mawe ya chini, inamchukua muda kuuzoea mto usioonyesha kilichomo ndani yake.

Tulikuwa sita kwenye boti. Mwongozaji wetu ni wa Orang Sungai, yaani watu wa mto, amezaliwa palepale. Aliniita "kakak", na huku maana yake ni dada mkubwa. Asubuhi alinisalimu "apa khabar", nikamjibu habari yangu ni njema, akacheka, maana neno lile sote tulilipata kwa Waarabu.

Saa kumi na moja jioni akazima injini kubwa, akawasha ile ndogo ya betri. Kimya kikashuka. Juu ya mti ulioinamia maji alikaa dume la kima mwenye pua ndefu, mnyama asiyepatikana popote duniani ila Borneo. Tumbo limejaa majani, pua imening'inia mpaka imepita mdomo. Wenyeji humwita monyet Belanda, kima wa Uholanzi. Pembeni yake jike amempakata mtoto mwenye uso wa buluu iliyokolea. Nilimtazama kwa darubini mpaka mikono ikachoka. Mtoto alikuwa akivuta sikio la mama yake, mama anausukuma mkono taratibu, mtoto anarudia. Ilikuwa vile vile kama kwa mtoto wa dada yangu. Kila jioni kima hawa hurudi kulala kwenye miti ya ukingoni, kwa hiyo mtu akiwa na boti na subira hawezi kuwakosa.

Katika saa mbili tuliona makundi manne ya kima hao, mamba wawili, kenge mmoja mrefu kuliko kasia, na hondohondo waliopita juu yetu wawili wawili, mabawa yakivuma kama upepo ndani ya tanga. Kesho yake, orangutani, mnyama wa jamii ya sokwe. Jina lake lina maana ya mtu wa msitu. Alikuwa jike, yuko peke yake kwenye mtini, anachagua tini moja moja, anaibonyeza kwanza. Hakutujali hata kidogo. Nililia, na sioni aibu kusema.

Nikamwambia mwongozaji kwamba msitu wao umebarikiwa, nyumbani mtu anaweza kutembea siku nzima bila kuona kitu. Hakujibu. Baada ya chai akasema, "Kakak, njoo nikuonyeshe."

Alisogeza boti kwenye gati dogo la mbao, tukatembea. Ruba wawili walishanipanda mguuni kabla sijahesabu dakika kumi, na hapo hapo msitu ukaisha, kama mkeka unavyoisha kwenye pindo. Mbele yetu ilisimama miti iliyopangwa mistari hadi macho yanapokomea. Sikuhitaji kuambiwa jina. Ilikuwa michikichi.

Basi nikaelewa kwa nini tuliona wengi vile. Wamebanwa. Hifadhi ya Kinabatangan iliyotangazwa mwaka 2005 ina takriban hekta 26,000, na imekatika vipande 10 kando ya mto, mashamba yakiwa katikati. Zamani orangutani alivuka vijito kwa kushika matawi ya miti mikubwa iliyokutana juu ya maji. Miti ile ilipokatwa kwa ajili ya mbao, yeye asiyejua kuogelea alifungiwa upande mmoja. Watu wamewatundikia madaraja ya kamba na mipira chakavu ya zimamoto. Nilipita chini ya mojawapo, nikainua shingo, nikatamani ningemwona hata mmoja akivuka.

Nilikumbuka Gombe, kaskazini tu ya mji wetu kwa boti, sokwe waliofanya jina la mtafiti Jane Goodall lijulikane tangu 1960, nao wamezungukwa na mashamba na ziwa.

Lakini mchikichi ni wetu, na hilo ndilo linaloniuma. Asili yake ni Afrika. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa Bogor, kisiwani Java, na mwaka 1917 shamba la kwanza la biashara likaanzishwa Selangor, huku Malaysia. Hata mdudu anayechavusha maua yake aliletwa kutoka Kamerun mwaka 1981. Siwezi kuuchukia mti huu. Ada yangu ya sekondari ililipwa na mawese ya mama. Na vijana wa Sukau wasio na boti ya kubeba wageni wanafanya kazi mashambani humo, nani awaambie waache? Ninachokikataa ni mti mmoja kupewa nchi nzima, mpaka kwenye ukingo wa maji.

Usiku tulikaa barazani. Nikamweleza jinsi mama anavyochemsha chikichi kwenye pipa, anaziponda, anakamua, mafuta yanatoka mekundu, halafu samaki wa mgebuka anapikwa humo na kuliwa kwa ugali wa muhogo. Alisikiliza sana. Huku, alisema, mikungu hupakiwa kwenye malori na kwenda kiwandani moja kwa moja. Miaka yote aliyoishi katikati ya michikichi hajawahi kuonja mafuta yake yakiwa mekundu.

Asubuhi, tukielekea Sandakan, alisimamisha gari. Chikichi kadhaa zilikuwa zimedondoka kwenye lori, zimetawanyika lamini. Akaokota moja, akanipa. Niliiparua kwa ukucha, nikaipeleka puani, kisha nikamrudishia naye anuse.