Siku Moja ya Kukusanya Majina ya Mahali, Kajiado

Saa kumi na mbili asubuhi. Simu imejaa chaji, naiweka hali ya ndege kabisa, maana ikiita katikati ya simulizi rekodi hukatika. Mfukoni kuna sukari kilo mbili na majani ya chai. Ukienda bomani mikono mitupu, umejitafutia majibu mafupi.

Saa mbili. Ng'ombe wametoka, wazee wako chini ya mti. Salamu, mvua, malisho, ndipo kazi. Swali bovu kuliko yote ni "Hapa si ndipo panaitwa fulani?" Mzee kwa adabu yake ataitikia tu. Heri kuuliza: "Ukimtuma kijana kunywesha ng'ombe, unamwambia aende wapi?"

Saa nne. Twende penyewe, kwa sababu jina linaloelezwa chini ya mti hupoteza nusu. Chukua neno la Kimaasai enkong'u: ni jicho, na ni chemchemi pia. Ngong imetokana na enkong'u e muny. Ukitafsiri "jicho la kifaru" bila kufika, umeyakosa maji. Kajiado nayo ni olkejuado, mto mrefu. Walioandika ramani walikata vichwa vya maneno, na hasara yake si ndogo: oldoinyo ni mlima, endoinyo ni kilima. Kwa hiyo naandika neno zima, na ng' nikiitofautisha na ng. Mzee akinyoosha fimbo, nasimama pale inapoelekea na kungoja GPS itulie, kosa lishuke chini ya mita 5. Mto hauna nukta moja. Napima kivukoni, kisha naandika jina linaanzia wapi na kuishia wapi, kwani mto mmoja hubeba majina kadhaa.

Saa nane. Upepo unanguruma kwenye maikrofoni. Kuifunika kwa soksi nene husaidia kidogo. Bora kupumzika.

Saa mbili usiku, mifugo imeingia, ndio wakati wa hadithi. Leo ni ile ya Enkai, Mungu wa Wamaasai, kuwateremsha ng'ombe kwa ukanda wa ngozi kutoka mbinguni, hadi Mdorobo, mwindaji asiye na mifugo, alipoukata. Bibi anaisimulia kivyake, mzee kivyake. Kila mmoja faili yake. Ukiziunganisha umetunga ya tatu, isiyo ya mtu.

Saa nne. Nakala mbili, jina la faili likianza na tarehe. Mahali pa matambiko hapawekwi nukta mpaka wazee waridhie.