Pango la Noeli la Mwaka wa El Niño

Mwaka wa El Niño, 1997, Kukhu, yaani nyanya yetu, hakuchoma chungu hata kimoja tangu Novemba. Mvua ilianza Oktoba ikakataa kuondoka. Pale Ilesi, magharibi mwa Kenya, ukishapita Chavakali kuelekea Kakamega, wafinyanzi wanaopanga vyungu vyao kando ya barabara walikuwa wameketi tu. Chungu kibichi hakikauki hewa ikiwa imejaa maji. Ukikilazimisha motoni kikiwa na unyevu, kinapasuka: maji yaliyojificha ndani ya udongo yanageuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, na unatokea kwa kuubomoa ubavu wa chungu.

Mimi na mdogo wangu tulifika kutoka Kisumu shule zilipofungwa. Nilikuwa nimemaliza darasa la sita. Tulimkuta Kukhu jikoni, miguu ameinyoosha, anakunywa chai kwenye kikombe cha bati, na nyuma ya jiko udongo wake umelala chini ya magunia na majani ya mgomba, rundo kubwa alilolichimba bondeni kabla mvua haijaanza. Kila asubuhi alikuwa akilifunua, anaubonyeza kwa kidole gumba, kisha analifunika tena. Sikuwahi kumwona Kukhu akiwa hana kazi, na sikupenda kumwona vile.

Katekista wa kigango chetu alikuja jioni moja, viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini. Baada ya mulembe, salamu yetu, na chai akasema alilokuja nalo.

"Mama, vile vijisanamu vyetu vya pangoni vimeisha. Paa lilivuja juu ya sanduku. Vilikuwa vya plasta, vimekuwa uji. Nimekuja kuuliza kama mikono yako inaweza."

"Mwalimu, mimi hufinyanga vyungu. Mtu sijawahi."

"Hata mdogo?"

"Huyo mdogo ndiye mgumu."

Katekista hakubishana. Alimaliza chai, akashukuru, akarudi kwenye mvua. Kukhu hakusema neno juu ya jambo lile usiku ule. Lakini asubuhi nilipoamka nilikuta magunia yamefunuliwa, na yeye yuko chini, anakanda.

Nieleze alivyokanda, maana hapo ndipo kazi yote ilipo. Udongo wa mtoni ukiwa peke yake unanata sana. Ukikauka unajikunja na kupasuka. Kukhu alichukua vyungu vilivyovunjika, akaviponda juu ya jiwe hadi vikawa kama mchanga, akavichekecha kwa ungo, kisha akavinyunyiza juu ya udongo huku anakanyaga kwa visigino. Vile vigae vilivyopondwa vilishaungua zamani, kwa hiyo havinywei tena. Vinaushika udongo mpya usijikunje sana, na vinauacha na vinjia vidogo vya kupitisha mvuke. Hakupima kwa kikombe. Alichukua donge, akalisokota kuwa kamba, akalizungushia kidole. Likipasuka, akaongeza maji. Likinata, akaongeza vigae.

Shuleni Kisumu tulikuwa na somo la sanaa, kama shule zote za msingi tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Mwalimu wetu alitufundisha kufinyanga kwa kamba za udongo zilizozungushwa, na tulikuwa tukianika kazi zetu dirishani. Hazikuchomwa kamwe. Baada ya muhula zilikuwa zimemomonyoka na kurudi kuwa vumbi. Nilidhani ndivyo vitu vya udongo vya watoto vinavyoishi. Kukhu hakuwa na wazo kama hilo. Kwake kitu ama kimefinyangwa cha kuingia motoni, ama hakijafinyangwa.

Shida yake ilikuwa mtu. Nilimwona akishika donge, anaanza kichwa, anakiponda, anaanza tena. Mwishowe akaniambia nimletee chungu kidogo cha mboga, akakiinamisha mdomo chini juu ya gunia. Akakitazama, akakizunguka. "Hii ni kanzu," akasema.

Na hivyo ndivyo alivyofanya wote. Bikira Maria, Yosefu, wachungaji wawili, Mamajusi watatu: kila mmoja alikuwa chungu chembamba kilichoinamishwa, kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kifundo, kitupu ndani, na juu, pale palipopaswa kuwa kitako, aliweka shingo na kichwa. Mikono aliibandika kifuani kama masikio ya mtungi, baada ya kuchanja pande zote mbili kwa mwiba na kupaka udongo laini ili zishikane. Kwenye mapindo ya nguo alibingirisha gunzi la mahindi, likaacha nakshi ileile anayoiweka kwenye mabega ya vyungu vyake. Nyuso aliziacha karibu wazi, alama mbili za macho kwa ncha ya kijiti, na pua aliyoibana kwa vidole viwili. Nimeshaona sanamu nyingi makanisani tangu hapo, zenye mashavu ya waridi na kope zilizochorwa moja moja, na bado naona zile za Kukhu ndizo zilizokuwa na watu ndani yake.

Wanyama alituachia sisi. Mdogo wangu alifinyanga kondoo. Mtoto wa Senje, shangazi yetu, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alifinyanga ng'ombe wa horini, ila kwa kuwa ni mvulana wa Isukha, kwenye mchezo wa kupiganisha mafahali, ng'ombe yule alitoka fahali wa kupigana, shingo nene, pembe mbele, kwato zimechimba chini. Alikuwa mzuri kweli. Kukhu akampindua, akagonga tumbo.

"Huyu umejaza. Mtoboe chini, umtoe nyama ya ndani."

"Kukhu, atakosa nguvu."

"Motoni nguvu ni utupu."

Mtoto wa Senje alichota kidogo kwa kijiko, akafunika.

Kazi yangu ilikuwa pango lenyewe, na hapo ndipo Kukhu aliponiuliza mimi. Alitaka kujua karatasi inawezaje kusimama kama mwamba. Nilimweleza tulivyojifunza: unachana karatasi vipande, unavilowesha kwenye gundi ya unga, unavipanga juu ya umbo, tabaka juu ya tabaka, kila moja likisubiri lililo chini yake likauke. Alinisikiliza kichwa ameinamisha, kama anavyomsikiliza mteja anayeeleza chungu anachotaka. Kisha akapika gundi mwenyewe, ya unga wa muhogo, nzito na yenye kung'aa, ambayo ilikuwa bora kuliko ya shuleni.

Karatasi zilikuwa tele mwaka ule. Uchaguzi mkuu ulikuwa tarehe 29 Desemba, na kila mti, kila nguzo ya stima, kila ukuta wa duka ulikuwa na picha: Rais Moi na jogoo wa chama chake cha KANU, Wamalwa na simba wa chama cha FORD-Kenya, na wengineo, na madiwani wasiohesabika. Mvua ilikuwa ikizibandua na kuziangusha matopeni. Kukhu alitukataza kugusa iliyobandikwa, hata iliyoning'inia kwa kona moja. Kuchana picha ya mgombea kulikuwa kutafuta ugomvi. Tuliokota zilizoanguka tu. Fundi aliyekuwa akijenga karibu alitupa mifuko mitupu ya saruji, tukatoa zile karatasi za katikati ambazo hazijashika unga, tukazikunjakunja hadi zikawa na makunyanzi ya jiwe. Umbo la ndani lilikuwa fito na kikapu kilichotoboka.

Katekista alipopita kutazama, aliona uso wa mgombea mmoja ukichungulia kando ya mlango wa pango. Akasema kwa upole kwamba kanisani hakuna chama. Kukhu akatuagiza tugeuze zote, picha ndani na weupe nje. Ule upande wa nyuma ulikuwa mweupe safi, karatasi nzito, na kwa karatasi zilizobaki tulikata mabawa ya malaika.

Pango nililipa sura ya mwamba ninaoujua. Kila mtu anayepita barabara ile anaujua Mwamba Unaolia wa Ilesi, nguzo ndefu ya jiwe yenye kichwa juu yake, na mfereji ambao maji huteremka kama machozi shavuni. Mwaka ule ulikuwa ukilia mchana na usiku. Nilipaka karatasi zangu makaa yaliyosagwa na udongo mwekundu, kisha nikachora mfereji kwa majivu yaliyolowa, kutoka juu hadi mlangoni. Hakuna aliyeniambia Bethlehemu hakuna mwamba kama huo.

Sanamu zilikaa juu ya uchaga wa jikoni, pale kuni na mbegu za mahindi zinapokaushwa. Moshi na joto la kila mlo vilipanda kwao. Kukhu alikuwa akizigeuza asubuhi na jioni, anaziweka shavuni kusikia kama zina baridi. Udongo wenye maji bado huwa baridi mwilini. Ukikauka unakosa baridi ile. Kabla hazijakauka kabisa alizisugua kwa kokoto laini ya mtoni hadi zikang'aa, na akanipa kokoto hiyo nimsugue mmoja wa Mamajusi. Sijui ni mawe mangapi kama lile yaliyopita mikononi mwangu tangu hapo. Hakuna lililokuwa laini hivyo. Lilikuwa la mama yake.

Kuchoma kulikuwa na utata wake. Kwa kawaida vyungu huchomwa uwanjani, vikirundikwa na kufunikwa kuni, nyasi na samadi kavu, na uwanja wetu ulikuwa dimbwi. Kukhu akaamua kutumia kibanda chake cha mabati kando ya barabara, kile cha kuuzia. Tulihamisha bidhaa zote. Tukachimba shimo la kina kifupi, akatandaza magome makavu aliyoyahifadhi chini ya kitanda, akaweka mtungi mkubwa uliopasuka ubavu, na ndani yake sanamu, moja moja, amezitenga kwa vigae zisigusane. Juu samadi, juu tena samadi. Moto aliuanza kidogo sana, wa moshi mtupu, akaulea hivyo kwa muda mrefu hadi macho yetu yakavimba. Alisema bado zina maji yasiyoonekana, lazima yaombwe kutoka, yasifukuzwe.

Mvua ilikuwa ikipiga mabati hatusikilizani. Lakini Kukhu alikuwa anausikiliza moto. Alipouongeza na samadi ikawa nyekundu hadi ndani, ukasikika mlio mmoja, ta! Akafumba macho. Mtoto wa Senje akainuka, akaketi tena.

Asubuhi, majivu yalipopoa, tulifukua. Fahali alikuwa vipande. Alipolipuka alikuwa amechukua sikio la kondoo mmoja. Wengine wote walikuwa wazima, wekundu kama vyungu, wakilia ngaa ukiwagonga kwa kucha. Pale samadi ilipomgusa Bikira Maria shavuni palibaki doa jeusi, na katekista akauliza kama tunaweza kulipaka rangi. "Hilo ni la moto, Mwalimu," Kukhu akamjibu. "Haliondoki." Likabaki.

Mtoto wa Senje hakulia, lakini hakula mchana ule. Jioni Kukhu akampa donge jingine, akaketi naye, na safari hii walimfinyanga fahali kama mtungi mdogo wenye miguu. Huyo alichomwa peke yake mahali palepale, usiku, na alitoka mzima.

Usiku wa Noeli tulibeba vyote kanisani ndani ya beseni, tumefunika kwa karatasi za nailoni. Nyota ilikuwa ya karatasi ya fedha ya pakiti za sigara. Hori lilikuwa nusu ya mkebe wa mafuta ya Kimbo uliokatwa kwa urefu na kujazwa maganda ya mahindi, na nyuma ya mwamba wangu kulikuwa na koroboi. Ngoma za isukuti zilipoanza kupigwa wakati wa Gloria, sakafu ilitetemeka hata Mamajusi wakasogea, na Kukhu, aliyeketi safu ya mbele, alinyoosha mkono akawarudisha mahali pao bila kuacha kuimba.

Siku nne baada ya Noeli watu walipanga foleni za kura katika mvua ileile, na upigaji kura ukaongezwa siku ya pili. Sisi tulirudi Kisumu shule zilipokaribia kufunguliwa.

Nilirudi Ilesi likizo ya Aprili. Katekista alikuwa amerudisha sanamu zihifadhiwe kwa Kukhu, zimefungwa kwa magunia, na mchungaji mmoja wa kondoo alikuwa amevunjika mara mbili. Kukhu alimtoa, akamtazama, akamweka juu ya jiwe la kupondea. Mdogo wangu akaanza kulia. Kukhu akamkabidhi jiwe la mkononi.

"Ponda mwenyewe. Huyu ni mzuri kuliko udongo wote ulio hapa, ameshaonja moto."

Alimponda polepole, huku machozi yanamtoka, kisha kwa nguvu. Wiki ile ile, mvua ilipopisha, Kukhu alifinyanga vyungu vya kupikia, akavikausha, na wiki zilizofuata akavichoma uwanjani kama zamani. Mama mmoja aliyekuwa anaelekea Luanda alisimamisha matatu akachagua kimoja. Mdogo wangu akamwambia, kabla hajalipa, kwamba humo ndani kuna mchungaji. Mama yule akachungulia mdomoni mwa chungu, kisha akamgeukia Kukhu. Kukhu akamjibu kwamba ndiyo, yumo, na ndiyo maana hakitapasuka jikoni.