Rozela

Juzi kwenye futari Zuhura alinisukumia glasi, mrija wa plastiki umesimama ndani yake. "Baba, mbona wewe rozela hunywi?" Mama yake akainamia sinia la mihogo asionekane anacheka.

Mtoto wa miaka minane siwezi kumweleza. Nyinyi naweza.

Habari za jiwe langu la figo mnazo, nimelilia humu vya kutosha. Lile la milimita 9, lililokwama njiani kati ya figo na kibofu. Madaktari walilifuata kupitia njia ya mkojo, bila kisu, wakalivunja kwa leza, kisha wakaniachia mrija laini ndani: umejikunja juu kwenye figo, umejikunja chini kwenye kibofu, usihame. Mkojo upate pa kupita mpaka uvimbe uishe. "Wiki nne, rudi tuutoe." Tarehe ikaandikwa nyuma ya bahasha ya dawa.

Siku ya kwanza nilikojoa rozela. Wekundu uleule wa kwenye jagi, siongezi chumvi. Na maumivu hayakuwa kule nilikoyategemea. Yalipanda ubavuni kushoto kana kwamba kuna mtu anapuliza mrija kutokea chini. Kumbe ndivyo ilivyo. Mkojo ukishafika kibofuni haurudi juu, ila mrija ule unaacha mlango wazi, kibofu kikijibana tu mkojo unapanda kwenye figo. Usiku choo na kitanda vikawa kitu kimoja. Daladala ikiruka tuta, namuita mama.

Wakanipa vidonge vya kulegeza njia ya mkojo, nikapata nafuu, nikazoea. Kosa liko hapo kwenye kuzoea. Wiki ya nne ikaangukia msiba wa shangazi Korogwe, bahasha ikafagiliwa na takataka, hospitali haikupiga simu, na mimi sikupiga. Mwezi wa nane tangu niwekewe mrija nikaamka natetemeka kwa homa, meno yanagongana.

Daktari kijana, wa hospitali nyingine, hakuweka picha ya eksirei kwenye taa. Taa ilikuwa imeungua. Aliipeleka dirishani, akaishika kwa vidole viwili, nyuma yake mwembe na mtu anaanika mashuka. Nikaona uti wangu wa mgongo, na pembeni yake mstari mwembamba ukiteremka vizuri tu. Ila juu, pale ulipojikunja, palikuwa na kitu cheupe kinene chenye vidole, mfano wa tangawizi. Chumvi za mkojo zilikuwa zimeganda juu ya mrija, kama ule weupe wa ndani ya birika la maji ya kisima. Niliwekewa mrija kwa ajili ya jiwe, nikaufugia jiwe jingine.

"Kaka, ulikuwa wapi miezi yote hii?"

"Nilikuwa nimepona."

Hakucheka. Akaendelea kuitazama picha, upepo unaipepesa, na ile tangawizi inapita juu ya mashuka ya watu.

Yaliyofuata yalikuwa sindano za siku kadhaa, kuingizwa chumba cha upasuaji mara mbili, na deni la shemeji ambalo nadhani kalisamehe, maana halitaji tena. Nani alisahau, mimi au wao, tulibishana na mke wangu mwaka mzima. Siku hizi tarehe zote anaandika yeye, kwa kalamu nzito, kwenye mlango wa friji.

Zuhura nilimwambia rozela ni chachu.

"Si ina sukari, Baba," akasema, akaivuta glasi yangu kwake.